Viganja vya Fulgence na Karoti za Jumapili

Saint-Aubert-des-Sables, 19 Januari 1986

Mjukuu wangu Fabrice,

Nakusalimu kutoka nyumba ambayo upepo wa bahari unaingia bila kubisha hodi. Huku ni wazima wote isipokuwa kuku mweusi, aliyekufa bila kumuaga mtu, na padri, aliyeshikwa na mafua. Mahubiri yamekuwa mafupi, na nadhani wapo wanaomwombea asipone haraka. Mama yako kaninunulia soksi za sufu. Baba yako hajambo, na hapo ndipo shida ilipo, maana mtu asiye na lake la kuugua hupata nafasi ya kuwaugulia wengine.

Mwaka Mpya walikuja kula. Nilipoleta jibini, baba yako akaweka glasi chini: "Mama, tuzungumze." Mwanaume mwenye mke akikwambia tuzungumze, ujue mazungumzo yalishafanyika garini. Masista wa mjini wana chumba katika nyumba yao ya wazee. Kinatazama bustani, na kando ya kitanda kuna kengele. Nikamwambia kengele ya kanisa inanitosha. Tukavutana mpaka kahawa ikapoa.

Mwisho tukapatana hivi. Maadamu kila Jumapili wakitoka misa wananikuta nimewapikia chakula kamili kwa mikono yangu, kuanzia saladi ya karoti mpaka tunda, hakuna atakayetaja masista. Siku wakikosa, nafungasha.

"Na karoti zisiwe za kibakuli cha yule muuza nyama," baba yako akasema. "Za kununua nazijua hata nikifumba macho."

"Wewe nimekulisha karoti za mchanga huu kabla hujaota meno," nikamwambia. "Utanifundisha?"

Sasa swali dogo, halina maana yoyote. Hapo jikoni kambini, karoti za askari wote hao mnazikwaruza kwa kifaa gani? Kuna mashine? Mtu anaweza kuiendesha kwa mkono mmoja? Nauliza kwa ajili ya elimu tu.

Baba yako bado anatangaza kwamba wewe ni dereva wa kanali. Juzi kamwambia muuza mkate, mbele ya foleni nzima. Nimenyamaza, kama ulivyoniomba.

Mwandiko usiushangae, ni baridi.

Bibi yako,
Léontine


Kambini, Ujerumani, 2 Februari 1986

Shikamoo Bibi,

Poleni na msiba wa kuku. Mimi mzima, nimenenepa. Barua za askari haziwekwi stempu, kwa hiyo nitakuandikia hata upuuzi, serikali italipa.

Mashine ipo, kubwa kuliko choo chako cha nje, na inapiga kelele kuliko Sajini Muckensturm. Yeye anaamini saladi ya karoti ilibuniwa ili askari wasione mapema kwamba nyama ni ndogo. Tunazikwaruza siku moja kabla, tunazimwagia siki, zinalala humo usiku kucha, na zikifika mezani zimelegea kama kamba za viatu. Sisi usituige, Bibi. Wewe uliniambia karoti ikwaruzwe wakati wageni wako njiani.

Kwa mkono mmoja haiwezekani. Mkono mmoja unashika kikwaruzo, wa pili unasukuma karoti. Nimejaribu kubana kikwaruzo katikati ya magoti. Nilikwaruza suruali ya serikali.

Sasa na mimi nina swali dogo. Baridi inatetemesha herufi, lakini sijawahi kuona baridi inayozilaza zote upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Hii ni kazi ya mkono wa kushoto. Wa kulia uko wapi?

Fabrice


Saint-Aubert, 23 Februari 1986

Mjukuu wangu,

Mkono wangu wa kulia uko mwisho wa bega langu, pale pale ulipokuwa siku zote. Asante kwa kuuliza.

Huku mvua inanyesha, vitunguu vyangu vya liki vinaoza bustanini, mama yako kapaka nywele rangi ya shaba na baba yako hajagundua bado. Tunasubiri.

Nikueleze habari za Jumapili, maana zimekuwa na mambo. Unamkumbuka Bwana Roumégas, jirani wa nyumba ya pili, mjane, fundi saa mstaafu, mtu wa kusini? Basi Jumapili asubuhi, wazazi wako wakiwa misani, hupita kuangalia saa yangu ya ukutani. Inachelewa. Na akiwa hapo, kwa kuwa mikono yake haipendi kukaa bure, huwa ananikwaruzia karoti moja mbili. Kengele ya kutoka misa ikilia, anatoka kwa mlango wa bustani, kwa sababu anapenda kutazama kabichi zangu.

Jumapili ya kwanza alitumia mashimo madogo ya kikwaruzo. Mama yako akainua uma, akautazama: "Mama, hii ni saladi au uji wa mtoto?"

Ya pili, Bwana Roumégas kaogopa, kazikata kwa kisu. Baba yako akasema, "Leo tunakula njiti za kiberiti."

Ya tatu nikaketi kwenye kiti jikoni, nikamsimamia kama sajini wako. "Mashimo makubwa! Ilaze karoti, usiisimamishe, nyuzi ziwe ndefu! Changanya kwanza chini ya bakuli: limau, chumvi, haradali nusu kijiko, mafuta. Karoti ziingie mwisho. Zikae muda wa watu kuvua makoti na kulaumu hali ya hewa, basi!" Kazifanya zote vizuri. Ila nilipogeuka kuchungulia sufuria, yule mtu wa kusini kasugua bakuli kwa kitunguu saumu, na mafuta katia ya zeituni, aliyokuja nayo mfukoni kama dawa.

Nilijua nimekwisha. Baba yako akaonja, akatazama dari. "Kitunguu saumu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta panya kwenye kabati. "Humu. Normandy, nchi ya siagi."

"Huipendi, acha," nikamwambia.

Hakuacha. Alijipakulia mara tatu. Mama yako alifuta bakuli kwa mkate mpaka likang'aa. "Mama, umebadilisha nini?"

"Umri," nikasema.

Tangu hapo hawataki nyingine. Bwana Roumégas anasema kusini hata watoto wa shule wanajua hilo. Bwana Roumégas hujisifu sana kwa mtu mwenye viatu vibovu vile.

Je, Pasaka utakuja?

Léontine


Kambini, 9 Machi 1986

Bibi,

Salamu kutoka kwa wote wanaokwaruza. Theluji imeyeyuka, uwanja wa gwaride umekuwa tope, nasi ndani ya tope tumesimama wima kwa heshima ya taifa. Rangi ya nywele za Mama, Baba kagundua? Niambie, tumeweka dau hapa.

Nimesomea wenzangu barua yako wakati wa kumenya viazi. Wote wameuliza swali moja: huyo Bwana Roumégas anatajwa mara nyingi kuliko baba yako, mama yako na Mungu, ni nani? Nikawaambia ni fundi saa. Wakacheka sana. Mimi sikucheka, mimi ni mjukuu.

Bibi, ulianguka. Usinitajie saa ya ukutani, mimi mwenyewe niliiona mwaka jana, inawahi. Umeumia mkono, unaficha kwa ajili ya ule mkataba wa Mwaka Mpya, na mzee wa watu anaruka kabichi kila Jumapili ili usipelekwe kwa masista. Kama ni uongo, nikanushie kwa mkono wa kulia.

Usiogope, sitasema. Nikimwambia Baba kuhusu mkono, wewe utamwambia kuhusu kanali, na yeye alishamwambia muuza mkate. Tumeshikana pabaya, mimi na wewe. Ni vizuri. Ndiyo maana ya ukoo.

Pasaka sidhani. Kanali ananihitaji.

Fabrice


Saint-Aubert, 16 Machi 1986

Mjukuu wangu mjanja kupita kiasi,

Rangi ya nywele bado. Mama yako sasa amevaa na skafu ya kijani ili kumsaidia, wapi.

Haya. Niliteleza kwenye kizingiti nikiwa na liki mkononi, wiki moja baada ya sikukuu ya Epifania ya Januari. Kifundo cha mkono. Kwa daktari wetu sikwenda, maana mkewe husimulia wagonjwa kwa muuza samaki. Bwana Roumégas alinipeleka kwa daktari wa mji wa pili kwa kigari chake, tukaambiwa mfupa umepata ufa, na hata ukiunga, nguvu ya zamani isahau. Jumapili huwa naweka mkono mfukoni mwa aproni. Kuku wa kuoka anajipika mwenyewe, ukimwingiza tu. Ni karoti zinazodai mikono miwili. Umeshajua, sasa nyamaza, kwa sababu limezuka jambo baya zaidi.

Yule mtu, baada ya kuchekwa Jumapili ya kwanza, alijifanyia mazoezi nyumbani. Kila siku. Fundi saa hapendi kushindwa na kitu kisicho na gurudumu. Na kwa kuwa alilelewa wakati wa njaa, hakutupa hata uzi mmoja. Alizila zote. Asubuhi karoti, jioni karoti. Wiki baada ya wiki.

Alhamisi tulimzika mjane wa muuza mkate wa zamani. Ukafika wakati wa kutakiana amani. Mama yako akageuka, akampa Bwana Roumégas mkono, akatazama kile kiganja, akapiga kelele mbele ya jeneza: "Ini!"

Kilikuwa rangi ya chungwa, Fabrice. Na uso pia, kama taa ya mezani. Kanisa zima likageuka. Wajua huku, mtu akiumwa kichwa ni ini, akikosa usingizi ni ini, akimchukia mkwewe ni ini. Mfamasia akasema ini. Padri akasema ini, na kupiga chafya. Muuza nyama akasema shemeji yake alianza hivyo hivyo, akafa kabla ya mavuno.

Naye baba yako, kwa moyo wake mzuri uliolaaniwa, kaenda mjini siku hiyo hiyo. Kile chumba changu kinachotazama bustani kamwombea Bwana Roumégas. "Hana mtoto, hana mtu," ananiambia kwa machozi. "Nani atamwangalia?" Ataingia Jumanne baada ya Pasaka.

Nikamfuata huyo mgonjwa wao, Fulgence. "Waambie ni karoti!"

"Nikisema karoti, Bibi Léontine, wataniuliza mwanaume anayeishi peke yake alikwaruza karoti zote hizo kwa ajili ya nani."

"Basi utakwenda kwa masista mzima hivi?"

"Nimewaambia nimechoka kidogo," akasema. "Tena chumba kinatazama bustani."

Akarudi kwake. Hakupitia hata kabichi.

Nikisema, naondoka mimi. Nisiposema, anaondoka yeye. Wewe ulisoma shule, nishauri.

Léontine


Kambini, 21 Machi 1986

Bibi,

Sote wazima. Naandika haraka, nimeinamia gunia.

Wazo la kwanza: mzee aanze kula bitiruti. Akigeuka mwekundu watasema kapona, na sasa ni moyo.

Wazo la pili si la mzaha. Hapa jeshini mtu anaweza kukufichia kosa, lakini akiingizwa mahabusu kwa ajili yako nawe ukabaki kitandani, hakuna atakayekula meza moja nawe tena. Hata Muckensturm anajua hilo, na Muckensturm hajui mengi.

Na Bwana Roumégas umemwita Fulgence. Mara ya kwanza katika barua zako zote. Nimeona.

Fabrice


Saint-Aubert, 2 Aprili 1986

Mjukuu wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa. Kisha unisamehe. Kisha, kama bado una nguvu, ucheke.

Jumapili ya Pasaka niliweka sahani nne. Baba yako akaingia, akahesabu. "Fabrice kapewa ruhusa?"

"Kaa kwanza," nikamwambia.

Wakaketi. Nikafungua mlango wa jikoni, akatoka Fulgence, bakuli mikononi, amevaa aproni yangu ya maua na tai ya harusi yake. Mama yako akaruka: "Jamani, ini lake! Mpeni kiti! Asibebe kitu kizito!"

"Régine," nikasema, "hilo si ini. Ni karoti za Jumapili."

Nikautoa mkono mfukoni mwa aproni, nikauweka mezani na bendeji yake yote, kati ya mkate na chumvi. Nikawaeleza. Kizingiti, liki, daktari, mashimo madogo, mashimo makubwa, kitunguu saumu. Fulgence alikuwa bado amesimama na bakuli. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aliweke chini.

Baba yako alikuwa mweupe kama jibini bichi. "Tangu Epifania?"

"Na wiki moja."

"Kila Jumapili, Mama? Ukanidanganya mezani kwako?"

"Mezani nilikulisha. Kukudanganya nilikudanganyia jikoni."

"Tulipatana! Kwa mikono yako, ulisema!"

"Nilisema. Na sikuweza. Basi chumba ni changu, si chake, na nimekwambia mwenyewe kabla Jumanne haijafika. Lakini nikwambie na jingine, Gaëtan. Kule watanipa kengele ya kubonyeza. Hapa nikigonga dirisha, huyu bwana anakuja na viatu vyake vibaya."

Fulgence akasema, kwa sauti ndogo, "Vilikuwa vizuri nilipovinunua."

Baba yako akasukuma sahani. Akasimama, akaelekea kwenye simu ukumbini. Nikajua anawapigia masista. Nikaona mkono wake umeshika kidude cha kuzungusha namba. Nilihitaji kitu cha kurusha, Fabrice, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

"Ukimaliza na masista," nikasema, "pigia na kambi. Waulize dereva wa kanali yuko gunia la ngapi."

Akageuka, simu mkononi. Hata saa ya ukutani ilionekana kusita.

"Gunia?" akasema baba yako.

"La karoti. Mwanao anakwaruza karoti tangu Novemba. Kanali wanaonana mwanao akimpakulia."

Mama yako ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka skafu ya kijani ikaingia kwenye siagi, akamshika Fulgence kiganja, kile kile cha chungwa, akawa anakitikisa tu. "Na muuza mkate!" alikuwa analia. "Gaëtan, ulimwambia na muuza mkate!"

Baba yako hakucheka. Aliweka simu chini bila kumpigia mtu. Akarudi, akala karoti zote zilizokuwa kwenye sahani yake, akala kuku. Kisha akavaa koti, akaondoka bila kunywa kahawa. Bila kahawa, Fabrice. Siku tuliyomzika babu yako alikunywa kahawa.

Jana ilikuwa Jumanne. Hakuja kumchukua Fulgence. Hakuja kunichukua mimi. Hakupiga simu. Sanduku la Fulgence liko mlangoni kwake limefungwa kamba, langu liko juu ya kitanda, halijafungwa kwa sababu fundo linataka mikono miwili. Tunaangaliana kwa dirisha kama abiria walioachwa na treni moja.

Nimekuuza, mjukuu wangu. Ningekuuza tena. Lakini nimehuzunika kidogo.

Bibi yako


Kambini, 13 Aprili 1986

Bibi muuzaji,

Shikamoo, hata hivyo. Jumatatu niliitwa ofisini: simu kutoka nyumbani. Nikaenda, Muckensturm nyuma yangu, kwa sababu simu za kambini huwa za misiba.

Alikuwa Baba. Hakunisalimu. Nilisikia anavuta pumzi, anaachia, anavuta tena. Nikajitayarisha. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu heshima ya jiko.

"Fabrice," akasema.

"Naam, Baba."

"Mama yako kapaka nywele rangi. Ulijua?"

"Nilisikia."

"Hakuna anayeniambia kitu katika ukoo huu." Nyuma yake nilimsikia Mama: "Muulize! Muulize na kuhusu vidole!" Maana, Bibi, Mama ameniandikia tangu hapo. Baba kanunua kikwaruzo kipya mjini, kajifungia jikoni jioni tatu mfululizo, katoka na plasta kwenye vidole viwili na bakuli la kitu ambacho mbwa alikinusa akaondoka.

"Haya," akasema Baba, kwa sauti ile ya kulipa faini. "Kwa watu watano, karoti ngapi?"

"Baba, mimi najua za watu mia nane tu."

"Basi gawanya," akasema, akakata simu.

Nilibaki na kile kipokeo mkononi mpaka Muckensturm akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nafanya hesabu. Mia nane ilikuwa rahisi. Iliyonishinda ni ile tano. Wewe mmoja. Baba wa pili, Mama wa tatu. Mimi nikija likizo Mei, wa nne. Nikarudia kwa vidole, Muckensturm akanisaidia kwa vya kwake.

Bibi, nenda mlango wa pili sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mwambie Fulgence afungue lile sanduku.

Fabrice